Fedha za Uzamivu Marekani Hazisubiri Januari

Kila mwaka, Januari ikishaanza, wapo vijana wetu wanaoulizana watapata wapi ufadhili wa kusomea uzamivu Marekani kuanzia Agosti. Wakati huo milango mingi imeshafungwa. Vyuo vingi vya huko hufungua maombi Agosti au Septemba na kuyafunga kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba inayofuata.

Kinachowapotosha wengi ni kutafuta fedha mahali zisipo. Tumezoea wizara au ubalozi utangaze nafasi, mtu ajaze fomu, apate ufadhili, ndipo atafute chuo. Ufadhili wa namna hiyo upo, na Fulbright ndio unaojulikana zaidi, lakini wanafunzi wengi wa uzamivu Marekani hulipiwa na idara iliyowapokea. Ukiomba udahili, umeomba na fedha. Idara husamehe ada, hutoa posho na mara nyingi bima ya afya, aghalabu kwa miaka minne au mitano. Mwanafunzi naye huwafundisha wa shahada ya kwanza, husahihisha mitihani yao, au hufanya kazi katika maabara ya profesa. Kwenye sayansi, posho hiyo mara nyingi hutoka katika ruzuku aliyoiomba profesa mwenyewe. Kwa hiyo mwandikie Septemba barua pepe fupi, umuulize kama atapokea mwanafunzi mwakani. Akijibu kwamba hana fedha, umeokoa ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi hufika dola 75 au zaidi. Ada hiyo nayo husamehewa na baadhi ya vyuo, ila msamaha uombwe kabla ya kutuma maombi.

Wala si lazima uwe na uzamili. Idara nyingi huwachukua wenye shahada ya kwanza moja kwa moja.

Panapokwama watu wetu ni kwenye barua za mapendekezo. Kwa kawaida zinatakiwa tatu, na kila mwalimu hutumiwa kiungo ili aipakie barua yake mwenyewe. Sasa mfikirie mhadhiri mwenye rundo la mitihani mezani mwezi Desemba, na kiungo chenyewe kimeangukia kwenye barua taka. Mwombe Septemba, umkumbushe Novemba, umpe na muhtasari wa kazi uliyoifanya darasani kwake. Kuna na ule mtindo wa mwanafunzi kujiandikia barua, mwalimu akaweka saini tu. Wasomaji wa kamati ya udahili wamesoma barua nyingi mno kiasi kwamba huitambua sauti ya mwombaji.

Saa nayo inahitaji hesabu. Chuo cha New York kikisema mwisho ni saa 5:59 usiku wa tarehe 15 Desemba, Dar es Salaam na Nairobi itakuwa saa 1:59 asubuhi ya tarehe 16. Usizitegemee saa hizo za ziada. Mtandao na kadi ya benki havina huruma.

Majibu mengi hutoka kati ya Februari na Machi. Vyuo vingi vimeridhia azimio la Baraza la Vyuo vya Uzamili la Marekani, kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kuamua kabla ya tarehe 15 Aprili. Basi usisaini kwa pupa. Soma kama posho ni ya miezi 9 au 12, imehakikishwa miaka mingapi, kisha uilinganishe na kodi ya nyumba ya mji huo.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu 2025, serikali ya Marekani ilipopunguza ruzuku za utafiti. Chuo cha tiba cha UMass Chan kilifuta hata nafasi za uzamivu kilizokwisha kuzitoa. Mwaka huohuo vilianza vizuizi vya viza kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, kwa hiyo ulizia masharti ya nchi yako kabla ya kulipa chochote.

Na ukipata barua ya udahili isiyotaja posho, ikatae. Ili upewe fomu ya I-20 ya kuombea viza, chuo kitakutaka uthibitishe kwamba una fedha za mwaka mzima wa kwanza, na baada ya hapo kuna miaka mingine minne ya kulipia. Omba tena Septemba.