Plasta Inayotoa Gesi: Kidonda Kipi Kinaihitaji?

Kidonda cha kawaida hupona chenyewe. Ukijikata kidole, damu huganda, chembe nyeupe huvamia vijidudu, nyama mpya huota na ngozi huja kuifunika. Kazi ya plasta ni kuzuia uchafu na kutunza unyevu tu. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 1920, Earle Dickson wa kampuni ya Johnson & Johnson, Marekani, alipobandika vipande vya shashi kwenye utepe wa gundi ili mkewe aweze kujifunga mwenyewe kila alipojikata au kuungua jikoni. Sasa wapo watafiti wanaotaka plasta ifanye zaidi ya hapo: itoe gesi, kidogo kidogo na kwa saa nyingi, ndani ya kidonda kilichogoma kupona. Wazo hilo ninaliunga mkono, ila kwa sharti. Gesi inasaidia pale ambapo kidonda chenyewe kimepungukiwa nayo, na haiwezi kuziba pengo la matunzo ya msingi. Ushahidi uliokwisha kupatikana, wa kufaulu na wa kushindwa, unaelekea huko.

Gesi inayozungumzwa zaidi ni nitriki oksaidi, yenye atomi moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Mwili huitengeneza kutokana na arjinini, sehemu ya protini tunayoipata kwenye vyakula kama nyama, karanga na maharage. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba gesi hii hulegeza kuta za mishipa ya damu. Ugunduzi wao ulieleza pia kwa nini nitrogliserini, ile ile ya kutengenezea baruti, ilikuwa ikiwatuliza wagonjwa wa moyo tangu karne ya 19: ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa nitriki oksaidi. Kwenye kidonda gesi hii ina kazi nyingi. Hupanua mishipa midogo ili damu ifike, huua bakteria, huvunja utando wanaojijengea ili dawa isiwafikie, na huziamsha seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Kwa mwenye kisukari, sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huupunguzia mwili uwezo wa kuitengeneza, na hiyo ni sababu mojawapo ya vidonda vya miguu kukaa miezi bila kufunga.

Ugumu ni kuifikisha. Nitriki oksaidi hudumu sekunde chache tu mwilini, kwa hiyo haiwezekani kuijaza kwenye kitambaa na kuiweka kabatini. Lazima izaliwe pale pale kidondani. Njia mojawapo, iliyojaribiwa Uingereza, inatumia tabaka mbili. Ya kwanza ni wavu laini uliolowekwa naitraiti, chumvi ile ile inayohifadhi soseji na nyama za kopo. Ya pili ni jeli yenye tindikali. Nesi hutandika wavu juu ya kidonda, kisha huweka jeli juu yake. Vikigusana tu, gesi inaanza kutoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 wagonjwa wa kisukari 148 wenye vidonda vya miguu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata bandeji hiyo na wengine matunzo ya kawaida. Baada ya wiki 12, kwa mgonjwa wa katikati katika kundi la gesi eneo la kidonda lilikuwa limepungua kwa asilimia 88.6; katika kundi lingine ni asilimia 46.9. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini isomwe kwa makini. Aliyepima vidonda ndiye aliyefichwa nani kapewa nini, si mgonjwa wala nesi aliyemfunga. Na kidonda kupungua hakujawa kupona, kwani tundu dogo lililobaki linatosha kuingiza maambukizi yatakayofika mfupani.

Kabla ya hapo, Amerika ya Kusini ilikuwa imetoa fundisho ambalo kila mwenye kushabikia teknolojia hii anapaswa kulijua. Mwaka 1998 Patricio López-Jaramillo na wenzake walieleza kwamba krimu inayotoa nitriki oksaidi iliwaponya wagonjwa wote 16 waliokuwa na leishmaniasisi ya ngozi nchini Ekwado, ugonjwa wa vidonda unaoletwa na vimelea waenezwao na vijinzi vya mchanga. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini matumaini yalipanda, kwa kuwa tiba iliyozoeleka ni sindano za antimoni, ambazo zinauma na zina madhara. Krimu ikafuatiwa na plasta ya nyuzi nyembamba mno zenye kuachia gesi, na safari hii jaribio lilifanywa inavyotakiwa: wagonjwa 178 nchini Kolombia, plasta dhidi ya sindano. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Baada ya miezi mitatu, waliopona kwa sindano walikuwa karibu asilimia 95, na kwa plasta asilimia 37. Ninavyoona mimi, kushindwa huko hakuivunji hoja ya gesi, bali kunaiwekea mpaka. Kidonda cha leishmaniasisi hakikatai kupona kwa sababu ya upungufu wa gesi, kinakataa kwa sababu kimelea amejificha ndani ya seli. Watafiti wale wanastahili heshima kwa kuyatangaza matokeo yaliyowaangusha. Bila wao, huenda leo plasta hiyo ingekuwa inauzwa kwa wagonjwa wa Bonde la Ufa nchini Kenya na nyanda za juu za Ethiopia, ambako ugonjwa huo upo.

Kuna wanaoogopa, wakisema nitriki oksaidi ni moshi wa magari. Ni kweli imo kwenye moshi huo, na ikikutana na hewa hugeuka nitrojeni dayoksaidi, gesi ya kahawia inayochoma mapafu. Lakini sumu ni suala la kipimo. Tangu mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani imeruhusu watoto wachanga wenye shida kali ya mishipa ya mapafu wavutishwe nitriki oksaidi, na Januari 2024 iliidhinisha jeli ya berdazimeri, inayotoa gesi hiyo, kutibu vipele vya moluskamu. Kinachotoka kwenye bandeji ni kidogo na kinaishia kidondani. Kwamba gesi husaidia kidonda kilichopungukiwa nayo kumeonekana kwa oksijeni pia. Katika utafiti wa mwaka 2020 wagonjwa 73 walivishwa mguuni kifaa cha oksijeni, halisi au cha bandia. Kwa wiki 12, asilimia 41.7 ya waliopata oksijeni walipona kabisa, dhidi ya asilimia 13.5 ya waliovishwa kifaa cha bandia. Jambo la kuzingatia ni namna walivyochaguliwa: kwanza wote walipewa matunzo mazuri ya kawaida, na walioendelea na utafiti ni wale tu ambao vidonda vyao havikuitika vya kutosha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwetu wenyewe: plasta ya gesi ya nini, wakati zahanati haina shashi? Anayesema hivyo ana haki. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliwahi kuandika, mwaka 2005, kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini, wasihisi, kwa sababu miguu ilikwisha kufa ganzi. Mguu wa namna hiyo hupondeka kila mtu anapoukanyagia, na hakuna gesi itakayouondolea uzito wa mwili. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ambao Abbas alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake nchini Tanzania, ulifundisha madaktari na manesi kukagua miguu, kusafisha vidonda na kuvipunguzia mkandamizo, na ukaonyesha kuwa hayo tu yanapunguza kukatwa miguu. Hapo ndipo fedha zetu zianzie. Hata hivyo, wapo wanaofanyiwa yote hayo na bado kidonda hakifungi, na hao hawana sababu ya kusubiri. Naitraiti na tindikali si vitu vya bei kubwa. Kinachopandisha gharama ni majaribio, vibali na hataza. Hospitali zetu za rufaa zina wagonjwa na zina wataalamu, basi majaribio yafanyike hapa, kwa wagonjwa wanaochelewa kufika kama wetu, wizara za afya zikidai bei inayobebeka kabla ya kuruhusu bidhaa kuingia. Atakayekuuzia plasta ya gesi mtandaoni, muulize ilijaribiwa kwa kidonda cha aina gani, ikilinganishwa na nini, na wangapi walipona kabisa. Na kama una kisukari, kagua nyayo zako kila jioni, hata kati ya vidole. Ukiona mchubuko, usisubiri uume, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake.