Gwaride au Maandamano? Kupanga Safari ya New York kwa Yubile ya Stonewall

Mtu aliyetaka kusafiri hadi New York mwezi Juni 2019 kuadhimisha miaka 50 ya Stonewall alipaswa kujiuliza swali moja kabla hata hajatafuta tiketi ya ndege: je, anakwenda kutazama gwaride au kuandamana? Kwa msomaji wa Kiswahili tofauti ya maneno haya mawili i bayana. Gwaride lina mpangilio na watazamaji; maandamano yana madai. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi safari ya namna hiyo inavyopangwa, tukiuchukua mwaka huo kuwa kielelezo, kwa sababu siku ya Jumapili tarehe 30 Juni mambo haya mawili yalifanyika katika jiji lile lile, tena kwa makusudi.

Kwanza tukio lenyewe. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 28 Juni 1969, mwendo wa saa saba na dakika 20, polisi walivamia Stonewall Inn, baa iliyoko katika mtaa wa Christopher, kitongoji cha Greenwich Village. Misako kama hiyo ilikuwa ya kawaida katika baa za wapenzi wa jinsia moja. Lisilokuwa la kawaida ni kwamba usiku ule wateja na wapita njia walikataa kutawanyika, na makabiliano yakaendelea kwa siku kadhaa. Mwaka mmodi baadaye, tarehe 28 Juni 1970, watu walitembea kutoka kitongoji hicho hadi bustani ya Central Park. Miongoni mwa waliolitoa wazo hilo alikuwamo Craig Rodwell, mwenye duka la vitabu. Hapakuwa na magari yaliyopambwa wala wafadhili. Yalikuwa maandamano.

Kufikia 2019 hali ilikuwa imebadilika mno. Tarehe 6 Juni mwaka huo mkuu wa polisi wa jiji, James O'Neill, aliomba radhi hadharani kwa yaliyotendwa na polisi mwaka 1969. Sherehe ya kimataifa ya WorldPride, iliyoanzia Roma mwaka 2000, ilifanyika Marekani kwa mara ya kwanza. Msafara mkubwa wa adhuhuri, ulioandaliwa na shirika la Heritage of Pride, ulianzia Fifth Avenue, ukateremka kusini hadi mbele ya Stonewall, kisha ukapanda tena kaskazini kwa Seventh Avenue. Washiriki wapatao 150,000 walipita, na msafara ulichukua zaidi ya saa 12. Kundi la mwisho lilipita usiku wa manane ukiwa umetimia. Kampuni kubwa zilikuwa na magari yao humo, na polisi waliovalia sare walikuwamo pia.

Ni hilo hasa lililowaudhi wengine. Muungano wa Reclaim Pride uliandaa msafara wake asubuhi ya siku hiyo hiyo, mwendo wa saa tatu u nusu, kutoka karibu na Stonewall kupitia Sixth Avenue hadi Central Park, yapata kilomita 6. Huu haukukubali wafadhili wa kibiashara wala polisi wenye sare katika safu zake, na njia yake haikuwekewa vizuizi vya chuma kumtenga mtazamaji na mwandamanaji: aliyesimama kando angeweza kuingia. Kwa maoni yetu, aliyepanga vyema aliweza kuyapata yote mawili, asubuhi kuandamana na jioni kutazama. Aliyekuwa na nafasi ya moja tu tungemshauri achague la asubuhi, kwani ndilo lililofuata nyayo za 1970.

Kuhusu nauli na malazi hatutakawia. Mkenya huhitaji viza ya Marekani, na mahojiano ya ubalozini hayafai kuachwa hadi miezi ya mwisho. Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York Oktoba 2018, hivyo msafiri hakulazimika tena kubadilisha ndege Ulaya. Katika mwaka wa yubile, hata hivyo, kanuni za kawaida za utalii huvunjika. Waandalizi walikadiria kuwa watu wapatao milioni 5 walihudhuria. Hoteli za Manhattan hujaa mapema na bei hupaa, kwa hiyo ni afadhali kulala Brooklyn, Queens au ng'ambo ya mto Hudson katika jimbo la New Jersey, ambako treni ya PATH huvuka mto na kusimama kwenye stesheni ya Christopher Street. Barabara nyingi hufungwa, basi teksi haina faida. Miguu na treni ya chini ya ardhi ndiyo tegemeo. Maji, kofia na mahali pa kujisaidia ni mambo ya kufikiriwa kabla ya kutoka, maana mwisho wa Juni ni kiangazi huko.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya utalii haviligusii, nalo linamhusu Mkenya zaidi ya mgeni atokaye London. Tarehe 24 Mei 2019, majuma matano tu kabla ya msafara ule, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Picha iliyopigwa New York saa tisa alasiri, ambapo Nairobi ni saa nne usiku, ingeweza kumfikia jirani, mwajiri au mzazi kabla mwenyewe hajarejea chumbani. Kwa hiyo msafiri huyu hana budi kuamua mapema asimame wapi, avae nini, na nani ampige picha. Wenzake hupanga wapi pa kula. Yeye hupanga pia wapi pa kuonekana. Na mwandishi wa Kiswahili naye ana lake la kuamua: neno "shoga", ambalo pwani wanawake huitana kwa upendo wakimaanisha rafiki, limegeuzwa tusi barani. Ndiyo sababu tumelikwepa.

Hatimaye, Stonewall penyewe. Baa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na siku ya msafara haikaribiki. Mkabala nayo ipo bustani ya Christopher, yenye sanamu nyeupe nne za George Segal zilizowekwa mwaka 1992. Rais Obama aliitangaza bustani hiyo na eneo linaloizunguka kuwa kumbukumbu ya taifa tarehe 24 Juni 2016. Mwendo mfupi kutoka hapo upo mnara wa kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI, uliozinduliwa Desemba 2016 mkabala na ilipokuwa hospitali ya St. Vincent's. Atakayefika New York atenge asubuhi ya Jumanne au Jumatano kwa sehemu hizi, kabla umati haujaja, apate kuketi katika benchi moja na sanamu mbili za wanawake.