Umra ya likizo ya Desemba: Kadi haikingi, kinachokinga ni chanjo

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, familia nyingi hutumia nafasi hiyo kwenda Umra pamoja na watoto. Ni jambo la kheri. Lakini katika pilikapilika za pasi, viza na ihramu, chanjo ya homa ya uti wa mgongo huachwa hadi siku za mwisho, na wapo wazazi wanaoishia kutafuta mtu wa kugonga muhuri kwenye kadi ya njano bila mtoto kuchomwa sindano. Leo, inshaallah, tutaeleza hatari yake.

Ugonjwa wenyewe

Homa hii husababishwa na bakteria waitwao meningokokasi, wanaoshambulia utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo. Bakteria hao hukaa kooni, na mtu anaweza kuwabeba bila kuumwa. Huenea kwa mate na makamasi, watu wanapokohoa karibu karibu, wanapolala chumba kimoja au kubusiana. Msongamano wa tawafu na vyumba vya watu wengi huwapa njia.

Mwaka 1987 ugonjwa huu ulizuka wakati wa Hija. Ukazuka tena mwaka 2000 na 2001, na baadhi ya mahujaji wakarudi nao na kuwaambukiza jamaa zao nyumbani. Baada ya hapo Saudi Arabia ikataka chanjo inayokinga aina nne: A, C, W na Y. Mwaka 2024 Marekani, Ufaransa na Uingereza ziliripoti wagonjwa 12 waliohusishwa na safari za Saudi Arabia. Tisa hawakuwa wamechanjwa. Wawili hawakusafiri kabisa, bali walikuwa karibu na waliorejea.

Kwa hiyo anayenunua muhuri anamhatarisha mwanawe, na pia bibi na mtoto mchanga waliobaki nyumbani.

Lini kuchanja?

Chanjo inatakiwa kwa kila aliyezidi umri wa mwaka mmoja, siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kutengeneza kinga. Kuna chanjo inayokubaliwa kwa miaka 3 na nyingine kwa miaka 5, hivyo hakikisha aina yake imeandikwa kwenye kadi. Wengi hudhani kuwa chanjo ya homa ya manjano inatosha. Sivyo. Hizo ni chanjo mbili tofauti, ingawa zote huandikwa kwenye kadi hiyo hiyo.

Dalili za kuogopa

Mtoto hupata homa kali ya ghafla, kichwa kumuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika na kuchukia mwanga. Mchanga hukataa kunyonya, hulia sana au hulegea, na utosi wake unaweza kuvimba. Vikitokea vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia unapovikandamiza kwa gilasi, usingoje hata saa moja. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa 24, lakini mgonjwa akiwahi hospitali unatibika. Waliolala naye chumba kimoja nao hupewa dawa ya kinga.

Si kila homa ni hiyo. Mtoto aliyeumwa na mbu kabla ya kuondoka anaweza kuugua malaria akiwa Makka, wiki moja au mbili baadaye. Mwambie daktari wa huko wazi kwamba mmetoka sehemu yenye malaria, naye ampime. Mkirudi, homa ikitokea ndani ya wiki mbili, mweleze tabibu kwamba mtoto alikuwa Umra.

Mengine ni mepesi: kila mtu awe na kikombe chake, anawe mikono kwa sabuni na afunike mdomo anapokohoa. Wanaume wanaponyoa, wembe uwe mpya, kwani wembe wa kuchangia huweza kupitisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kumchanja mtoto ni kumfunga ngamia. Basi mpeleke kituo cha chanjo siku unayokata tiketi, usisubiri wiki ya safari.

Wabillahi tawfiq.