UGONJWA WA MISULI YA MOYO UTOKANAO NA MARADHI MENGINE: NAMNA UNAVYOANDIKWA

Misuli ya moyo huweza kudhoofika au kutanuka kwa sababu ya ugonjwa ulioanzia penginepo mwilini. Dondakoo, utapiamlo na tezi ya shingo ifanyayo kazi kupita kiasi ni miongoni mwa vyanzo hivyo. Mgonjwa hukosa pumzi na kuvimba miguu. Moyo ndio uonekanao kuugua, ilhali chanzo kiko kwingine.

Kwa ajili hiyo Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, unatumia utaratibu wa namba mbili. Namba ya chanzo hutiwa alama ya msalaba. Namba ya athari katika moyo, iliyomo katika fungu I43, hutiwa alama ya nyota. Moyo ulioathiriwa na dondakoo huandikwa A36.8 pamoja na I43.0, ulioathiriwa na tezi, E05.9 pamoja na I43.8. Namba yenye nyota haiandikwi peke yake kamwe, na katika takwimu za vifo kinachohesabiwa ni chanzo.

Aidha, si kila ugonjwa wa misuli ya moyo huingia katika I43. Utokanao na pombe ni I42.6, na umpatao mama baada ya kujifungua ni O90.3.

Jambo hili si la makaratasi tu. Mkazi wa Ilongero apewapo rufaa kwenda Singida mjini, au hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, maandishi ndiyo yamtambulishayo. Yakitaja moyo pekee, tezi inayotibika huweza kusahauliwa, na moyo ukaendelea kudhoofu. Vivyo hivyo, dondakoo isipohesabiwa, upungufu wa chanjo hautaonekana.

Toleo la 11, lililoanza kutumika kimataifa tarehe 1 Januari 2022, liliziacha alama hizo mbili na kuunganisha namba kwa mkwaju. Msingi haukubadilika: chanzo na athari huandikwa pamoja.

Watumishi wa afya wanakumbushwa kuandika ugonjwa kwa ukamilifu, pamoja na chanzo chake kinapojulikana. Wananchi nao wanashauriwa kuzitunza kadi zao za matibabu na kumweleza mganga maradhi yote waliyowahi kuugua.