Je, Wajua? Faili Hubeba Zaidi ya Kilichomo Ndani Yake

Ukiongeza herufi moja kwenye faili la maandishi, ukubwa wake hupanda. Lakini yapo maandishi unayoweza kulibandika faili hilohilo na ukubwa unaoonyeshwa usiongezeke hata baiti moja.

Hizo ndizo sifa za ziada za faili. Kila sifa ina jina na thamani, nayo hutunzwa nje ya maudhui. Kwenye Linux jina halizidi baiti 255, na thamani haizidi kilobaiti 64. Kompyuta za Mac huzitumia kila siku: programu iliyopakuliwa kwa kivinjari hubandikwa sifa iitwayo com.apple.quarantine, ndiyo maana Mac hukuuliza kwanza kama kweli unataka kuifungua.

Lugha ya programu ya Python ilipata amri za kushughulikia sifa hizi kwa watumiaji wa Linux katika toleo 3.3, mwaka 2012. Tazama mstari huu:

os.setxattr("ripoti.pdf", "user.mwandishi", "Asha")

Unaonekana safi, lakini utagoma. Thamani inatakiwa iwe baiti, si maandishi, iandikwe b"Asha". Na ukiliondoa lile neno user. mwanzoni mwa jina, Linux italikataa.

Makosa ya namna hiyo si tatizo, maana hujitangaza yenyewe. Mkaguzi wa msimbo huwinda yale yasiyopiga kelele. Amri ya shutil.copy hunakili maudhui na ruhusa tu. Sifa za ziada huachwa bila onyo lolote. Amri ya shutil.copy2 huzibeba, ila ikikutana na flashi yenye mfumo wa mafaili wa FAT, isiyo na mahali pa kuziweka, huendelea na kazi kimyakimya. Kwa hiyo programu inayohifadhi jambo la lazima kwenye sifa hizi ina kasoro, hata kama imefaulu majaribio yote.

Hatari nyingine ni sifa kubaki pasipotakiwa. Programu ya kupakulia mafaili iitwayo Wget iliwahi kuandika kwenye sifa anwani kamili ya faili lilikotoka. Anwani ikiwa na nywila, nayo iliandikwa, na yeyote mwenye ruhusa ya kusoma faili aliweza kuiona kwa amri ya getfattr. Toleo 1.20.1, la mwaka 2018, ndilo lililoziba tundu hilo.

Ukikabidhiwa msimbo wa aina hii, uliza mawili kabla ya kuhesabu mabano: sifa hii ikipotea nani ataumia, na ikibaki nani ataisoma?