Minyoo kwa nyumba za juu ya mawe

Ukiishi Mabatini, Igogo au kwenye mteremko wa Bugando, jijini Mwanza, taka ni mzigo wa kichwani. Gari la taka halipandi huko. Njia zenyewe ni vichochoro na ngazi zilizopangwa katikati ya majabali. Mtu hushuka na ndoo au kiroba hadi kwenye kizimba cha taka, na siku kizimba kikifurika, au mvua ikimwahi njiani, taka huishia mtaroni. Mitaro mingi ya upande huo wa jiji huelekea Mto Mirongo, na Mirongo humwaga maji yake Ziwa Victoria.

Zaidi ya nusu ya mzigo huo ni mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi na viazi, vikonyo vya matembele, majani ya chai, nyanya zilizooza. Ndiyo sehemu nzito, maana imejaa maji, na ndiyo inayonuka na kuvuta inzi. Ukiiondoa, kinachobaki ni plastiki, makopo na karatasi, vitu vinavyoweza kungoja wiki nzima bila kumkera jirani. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kumfanya mtu afuge minyoo wa kugeuza mabaki hayo kuwa mboji, hata kama hana mpango wa kupanda chochote.

Sitadai kwamba maganda ya viazi ndiyo yaliyotuletea magugu maji ziwani. Naitrojeni na fosforasi zinazolilisha ziwa kupita kiasi hutoka zaidi kwenye mashamba yanayomomonyoka, kwenye maji machafu ya miji, na hata kwenye vumbi na moshi vinavyodondoka kutoka angani. Lakini virutubisho vilivyomo katika ganda la ndizi ni vile vile. Vikiteremka ziwani ni uchafu, na mita chache kutoka jikoni vilikotoka kuna mchicha uliodumaa kwa njaa. Udongo wa vilima hivi ni kichanga kilichomeguka kutoka kwenye mawe haya haya. Wasukuma huuita luseni. Ni mwepesi kulimika, haushiki maji, na mvua moja kubwa huondoka na rutuba yake.

Udongo wa namna hiyo unaweza kulishwa ukazaa. Wakara wa kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, walikuwa wakifanya hivyo muda mrefu kabla maofisa kilimo wa Kiingereza hawajakwenda kuandika habari zao katika miaka ya 1930. Ng'ombe walifungwa ndani, wakaletewa majani, na samadi ikakusanywa na kubebwa hadi mashambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, kisha wakaufukia uoze uwe mbolea. Kisiwa kile kina kichanga kama chetu na watu waliosongamana, lakini kililimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa.

Mkazi wa Mabatini hana ng'ombe, wala hana pa kuchimba shimo la mboji. Lundo la kawaida linahitaji kama mita moja kila upande ndipo lipate joto la kuozesha vizuri. Minyoo hawahitaji joto hilo. Wanafanya kazi ndani ya ndoo, juu ya jiwe, nyuma ya jiko. Mkulima wa Misungwi mwenye zizi anaweza kuendelea na samadi yake. Teknolojia hii inamfaa zaidi mtu wa mlimani mwenye sehemu ya kuweka kreti mbili tu.

Si kila nyungunyungu anafaa. Wale wanaochimbwa ardhini kwa ajili ya chambo huishi kwenye udongo wa chini, na ukiwatia ndooni watakufa au watatoroka. Wanaotakiwa ni wale wa juu juu, wanaoishi kwenye vitu vinavyooza. Duniani kote anayefugwa sana ni Eisenia fetida, mwekundu mwenye pete za manjano, ambaye asili yake ni Ulaya. Kwa joto letu nampendelea Eudrilus eugeniae, mnyoo wa Afrika Magharibi, mrefu, mwenye rangi ya zambarau inayong'aa, anayestawi kwenye nyuzi joto 25 hivi. Usipopata mfugaji wa kukugawia, fukua samadi ya zamani yenye unyevu au inua gogo la mgomba linalooza: wale wekundu wanaojikunja haraka ukiwagusa ndio wa kuanzia.

Mnyoo hana meno. Ana firigisi kama ya kuku, nayo husaga kwa msaada wa chembe za mchanga alizomeza, ndiyo maana ndoo mpya hutiwa konzi ya mchanga au maganda ya mayai yaliyotwangwa. Na ganda bichi halili. Anangoja bakteria na kuvu walilainishe, kisha anavila vyote pamoja. Ndiyo sababu mabaki yaliyokatwakatwa huisha upesi kuliko yaliyotupwa mazima. Anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Maji yakituama ndani ya ndoo hewa huisha, naye hufa.

Watu wa kando ya ziwa wana sababu ya kushtuka wakisikia habari za kufuga minyoo. Kichocho, ambacho kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimekitafiti kwa miaka mingi, husababishwa na minyoo wanaopitia kwa konokono wa majini, na wapo pia wa safura. Hao ni vimelea vya mwili wa binadamu. Mnyoo wa mboji hawezi kuishi tumboni mwa mtu, wala hatoboi ngozi. La kuzingatia ni usafi wa ndoo: kinyesi cha mtu, mbwa au paka kisiingie kabisa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Chukua ndoo mbili za rangi za lita 20 zilizooshwa vizuri. Moja itoboe kitako na ubavuni juu kwa msumari wa moto, kisha ichomeke ndani ya nyenzake, na kati ya vitako vya ndoo hizo weka vipande vya tofali ili maji yapate pa kudondokea. Jaza nusu kwa matandiko, yaani maboksi yaliyochanwachanwa, majani makavu ya mgomba na samadi iliyopoa. Samadi mbichi hupata moto na kuwaua. Lowesha, kisha kamua konzi moja: likitoka tone moja au mawili, unyevu umetosha. Tia minyoo, waache siku chache ndipo uanze kuwalisha, ukifukia chakula chini ya matandiko kila mara.

Nusu kilo ya minyoo hula takriban robo kilo ya mabaki kwa siku, na mwanzoni wape chini ya hapo. Msimu wa kukausha viazi vitamu kwa ajili ya michembe na matobolwa ndio mtihani, maana maganda ya viazi vitamu hujaa karai zima kwa asubuhi moja. Yaanike yakauke, uwape kidogo kidogo. Ugali nao, ukizidi, huchacha na kupandisha joto. Punguza maganda ya machungwa, vitunguu na pilipili. Chumvi na mafuta usitie. Matumbo ya sato na sangara yasiingie kabisa: yataleta inzi, panya na harufu itakayokuvunjia ujirani. Kama una kipande cha ardhi, yafukie huko kwa kina cha goti.

Jabali hupata moto mchana na kuutoa taratibu usiku. Ndoo isiliguse; iweke upande wa mashariki wa nyumba au wa jabali, ambako jua la alasiri halifiki. Joto likipita nyuzi 35 utawakuta wamekufa. Kuku wasiikaribie, na siafu wazuiwe kwa kuinyanyua ndoo juu ya miguu iliyosimama ndani ya makopo yenye oili chafu.

Magugu maji yanaweza kutumika kama matandiko yakinyaushwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, na kuchanganywa na samadi. Lakini mmea huu hunyonya metali nzito, hivyo nisingeyachukua mdomoni mwa Mirongo wala karibu na machimbo.

Baada ya miezi mitatu hivi utaona kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Kimimine juani kwenye turubai. Minyoo hukimbia mwanga na kuzama chini, nawe unakwangua juu tabaka kwa tabaka mpaka wabaki peke yao. Warudishe kwenye matandiko mapya. Mboji yenyewe changanya sehemu moja kwa tatu au nne za udongo, jaza kwenye viroba, upande mchicha au sukuma wiki. Anayeanza mwezi wa saba atakuwa na mboji mkononi mvua za vuli zikianza, mwezi wa kumi.