Elimu ya Poka: Kuzirejea Karata Zilizokwisha Chezwa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi poka ya fedha taslimu inavyochezwa katika intaneti: kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha zikafunuliwa mezani karata tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua ina zamu yake ya kuweka dau, kuongeza, au kutupa karata. Leo twaingia katika mlango ulio mgumu zaidi, nao ni ule wa kuzirejea karata baada ya meza kuvunjika, na kuuliza kwa insafu ni wapi mchezaji alikata shauri jema na ni wapi alighafilika. Nafahamu ya kuwa wako wasomaji ambao dini yao imewaharamishia kamari, nami siwaiti mezani. Lakini hisabu ya kukata shauri pasipo yakini ni mali ya kila mwenye akili, na yaweza kusomwa kwa kalamu na karatasi bila senti moja kuwekwa rehani.

Faida kubwa ya mchezo wa intaneti ni kwamba kompyuta huandika kila kitu: nani alikaa wapi, nani aliweka dau la lazima, kila mmoja alitoa kiasi gani na katika hatua ipi. Mchezaji wa zamani alitegemea kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mtu aliyepoteza fedha si shahidi wa kuaminiwa. Walakini daftari hilo lina pengo moja ambalo wengi hawalioni. Karata za mtu aliyezitupa haziandikwi humo, kwa hiyo mwenye kurejea huona siri za wale tu waliofika mwisho, na hao aghalabu ni wenye karata nzuri. Asipojihadhari atadhani kwamba wenzake hawahadai kamwe, kumbe hadaa zilizofaulu zilikwenda zake bila kufunuliwa.

Kosa la pili, ambalo kwa rai yangu ndilo kubwa zaidi, ni kuchagua karata za kurejea kwa kutazama ukubwa wa fedha. Mtu aliyepewa wafalme wawili, akakutana na mwenye ree mbili, fedha zote zikaingia kabla ya karata yoyote ya wazi kufunuliwa, atakesha akiutazama mkono huo kwa uchungu, hali hauna la kumfundisha. Ukishika wafalme wawili, mpinzani mmoja hushika ree mbili kwa wastani mara 1 tu katika mara 204. Anayetupa wafalme wake kwa hofu ya jambo la nadra kama hilo atapoteza zaidi kuliko anayekubali kupigwa siku likitokea. Mikono inayostahili kurejewa ni ile ambayo shauri lilikuwa gumu, hata kama fungu la fedha lilikuwa dogo, maana ndiyo inayojirudia kila siku.

Natuweke mfano. Dau la lazima ni dola 1 na dola 2, na kila mmoja ana dola 200. Mchezaji wetu amekaa mahali pa kusema mwisho, ameshika ree na ghulamu wa shupaza. Anatoa dola 5, wote wanatupa isipokuwa yule aliyeweka dau la dola 2, naye anakamilisha. Fungu sasa ni dola 11. Zinafunuliwa mfalme wa shupaza, saba ya shupaza na mbili ya uru. Mpinzani anapita, mchezaji wetu anatoa dola 6, mpinzani analipa, na fungu linafika dola 23. Karata ya nne ni nne ya pau. Hapo mpinzani, aliyekuwa kimya muda wote, anaweka dola 23 kwa mpigo mmoja.

Mchezaji wetu hana hata jozi, ila ana matumaini ya shupaza ya tano. Anatakiwa alipe dola 23 ili agombee dola 46 zilizokwisha kuwapo, maana yake sharti ashinde walau mara 1 katika mara 3. Karata asizoziona ni 46, na shupaza zilizobaki ni 9, yaani asilimia 20 hivi. Hata akihesabu na ree tatu zilizobaki, ambazo huenda zikamfaa ikiwa mpinzani ameshika jozi ya wafalme, hazizidi 12 katika 46, nazo ni asilimia 26. Kwa bei ya papo hapo, kulipa ni hasara.

Lakini kuna hatua moja bado, na hapa ndipo utamu wa jambo ulipo. Ikiwa shupaza itatoka, na mpinzani akakubali kutoa fedha zaidi, hasara yaweza kugeuka faida. Ukiziacha zile ree kando na kupiga hesabu ya shupaza peke yake, utaona kwamba mchezaji wetu anahitaji kupata kwa wastani dola 49 zaidi kila shupaza inapofunuliwa, wakati ambapo fungu litakuwa dola 69. Je, mtu huyu, akiona shupaza tatu zimelala wazi, atalipa dola 49? Kama ni mtu asiyeweza kumwachilia mfalme wake hata iweje, kulipa ni sawa. Kama ni mwangalifu, karata zitupwe. Jibu limo katika tabia ya mpinzani kama ilivyoandikwa katika mamia ya mikono iliyotangulia, wala halimo katika karata ya tano. Ndiyo sababu nawanasihi wanaojifunza waifunike karata ya tano kwa kidole wanapousoma mkono, wakate shauri, waliandike, ndipo waifunue.

Kwamba kurejea huku kuna nguvu, ilidhihirika mwezi wa Januari 2017 mjini Pittsburgh, Marekani, ambako mabingwa wanne, Dong Kim, Daniel McAulay, Jimmy Chou na Jason Les, walicheza mikono 120,000 na programu iitwayo Libratus, iliyotungwa na Tuomas Sandholm na mwanafunzi wake Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ili nasibu isiwe hoja, karata alizopewa binadamu mmoja dhidi ya mashine, katika chumba kingine zilipewa mashine dhidi ya mwenzake, na zile za mashine akapewa yeye, na kila mkono ulianza upya kwa vibao vya thamani ya dola 20,000. Kila usiku mabingwa wale walikutana kuchambua mikono ya mchana wakitafuta udhaifu wa adui yao, na katika juma la kwanza walikaribia kuifikia. Ila mashine nayo haikulala. Usiku huo huo, ikitumia kompyuta kubwa ya mji ule, ilikuwa ikitazama ni madau ya kiasi gani ambayo binadamu waliyatumia kuipenyezea, kisha ikakokotoa majibu yake na kuziba nyufa. Mabingwa walikuwa wakirejea wapate kujua mashine inakosea wapi. Mashine ilikuwa ikirejea ipate kujua yenyewe inakosea wapi. Mwisho wa siku 20 binadamu walikuwa nyuma kwa vibao vya thamani ya dola 1,766,250, ambazo kwa kweli hawakuzilipa. Kim, aliyepoteza kidogo kuliko wote, alikuwa chini kwa 85,649, na Les kwa 880,087. Katika mambo yaliyowataabisha ni ule mtindo wa Libratus wa kuweka dau linalozidi fungu lenyewe mara kadhaa, jambo ambalo wachezaji wengi waliliona ni israfu.

Jambo hilo latupeleka kwenye ghiliba. Urudie mkono wetu wa juu, ila badala ya ghulamu wa shupaza mpe mchezaji ghulamu wa kopa, na katika karata ya nne wote wawili wapite, fungu libaki dola 23. Karata ya tano ikiwa shupaza, hana kitu. Lakini ree ya shupaza iko mkononi mwake, basi anajua kwa yakini kwamba mpinzani hana shupaza zilizo bora kuliko zote. Akiweka dola 23, anahitaji mpinzani atupe karata walau nusu ya nyakati. Akiweka dola 46, anahitaji theluthi mbili. Lipi kati ya madau hayo mawili ni la haki kwa mpinzani wa namna gani, na ni katika mikono ipi ree hiyo moja haitoshi, ndiyo maswali ya sehemu ya tatu.